Viti Viwili vya Nthenya

Katika daftari la wageni la shule moja ya wasichana ya bweni, juu ya soko la Kikima, ukurasa wa Jumamosi tarehe 19 Julai 2025, mstari wa kumi na saba unaonyesha kwamba Musyimi Ndeto wa Kambu aliingia langoni saa tatu na dakika hamsini asubuhi akiwa na watu watatu. Hiyo tatu imeandikwa pembeni ya mbili iliyokatwa. Askari wa lango ndiye aliyemfanya aikate.

"Mzee, hapa umeandika mbili. Mimi naona dereva, naona mtoto, naona mama. Huyo mama wa nyuma ni mzigo?"

Musyimi alikata mbili, akaandika tatu, akarudisha kalamu bila kugeuza shingo. Kwa miaka kumi na saba hakuwahi kumhesabu mama huyo, kwa sauti wala kwa maandishi. Ni mama mkwe wake.

Musyimi ana umri wa miaka arobaini na minne. Hushona maturubai ya malori kando ya barabara kuu ya Mombasa, kwenye kibanda cha mabati kisicho na mlango, maana upande mmoja lazima ubaki wazi ili trela iweze kusogea kinyumenyume hadi karibu na cherehani. Mkono wake wa kulia una sugu mbili pale sindano kubwa inapokaa. Madereva humpenda kwa sababu hapimi mara mbili. Akitazama bodi ya lori anajua turubai litapungua wapi. Hiyo ndiyo kazi aliyomlea nayo Nthenya, aliye kidato cha tatu, na mdogo wake Kanyiva, mwenye miaka tisa. Mama yao, Mutanu, alifariki miaka minne iliyopita.

Mama mkwe anaitwa Kavindu. Ni mjane, anaishi upande wa Tawa, na tangu Mutanu azikwe ndiye anayekaa na Nthenya shule zikifungwa. Yeye na Musyimi hawajawahi kuzungumza. Hawakugombana. Wanashika nthoni, ile haya ya Wakamba inayomtenga mwanamume na mama wa mkewe: hampi mkono, hali naye chungu kimoja, haketi karibu naye, na wakikutana njiani mmoja huacha njia. Familia nyingi zimeilegeza siku hizi. Kuna wakwe wanaokumbatiana kwenye harusi na kupigwa picha. Kwa kina Kavindu haikulegezwa. Huko nthoni humalizwa kwa namna moja tu: mkwe humletea mama blanketi, akalitia mikononi mwake mwenyewe, mchana, nyumbani kwake, mbele ya wazee wawili. Baada ya hapo wanaweza kusalimiana kama watu.

Blanketi Musyimi alilinunua mwaka wa 2014, zito, lenye maua mekundu. Mwaka huo mvua ilikosa. Uliofuata Kanyiva alikuwa tumboni na Mutanu hakutaka safari. Kisha kikaja kibanda, kisha karo, kisha ugonjwa. Kwenye mazishi, Musyimi na Kavindu walisimama pande mbili za kaburi, na hakuna aliyeweza kumpa mwenzake pole. Tangu siku hiyo kuna jambo Musyimi asilolijua. Je, blanketi huweza kupokelewa ikiwa mke aliyewaunganisha hayupo tena? Alimuuliza mzee mmoja, akaambiwa ndiyo. Akamuuliza mwingine, akaambiwa hapana, hiyo ni kama kulipia ng'ombe aliyekwisha kufa. Mchungaji wake alimwambia aachane na mambo ya kale. Mtu mmoja tu angeweza kumpa jibu la kuaminika, na huyo ndiye asiyeweza kuulizwa.

Kwa hiyo huzungumza kwa kupitia Kanyiva. Kavindu, ambaye watoto humwita Susu, yaani nyanya, hupiga simu ya Musyimi, mtoto hupokea, huiweka sauti ya juu, na baba husimama hatua mbili akisikia kila neno.

"Kanyiva, mwambie baba yako mvua imenyesha huku."

"Baba, Susu anasema mvua imenyesha."

"Mwambie ni vizuri."

"Susu, anasema ni vizuri."

Utaratibu huu ulifanya kazi mpaka mwaka jana. Shule ya Nthenya huandaa kila Julai mchezo mkubwa wa kuimba, na kila mwimbaji hutengewa viti viwili vya mbele kwa ajili ya watu wake. Wimbo wa mwisho unapoanza, wasichana hushuka jukwaani, kila mmoja akawashika wake wawili mkono na kupanda nao. Musyimi alinunua shati. Siku tatu kabla, akamsikia Kavindu akimuuliza Kanyiva kama nauli ya Kikima imepanda. Akajua mama anakwenda. Akaona, kwa heshima, ni yeye, kama mtoto, anayepaswa kupisha. Alitundika shati ukutani akashona turubai. Kavindu naye alikuwa amesikia kutoka kwa Kanyiva habari za shati. Akaona mwenye mtoto ni baba, akapisha. Alishinda shambani.

Mwaka huu, wiki ya pili ya Juni, Mwalimu Muthama, anayefundisha muziki, alipiga picha barua ya Nthenya na kuituma kwenye simu ya Musyimi. Nakala nyingine ilitumwa kwa jirani wa Kavindu, ikasomwa kwa sauti.

"Baba na Susu," iliandikwa, "mwaka jana kila msichana alishuka akashika watu wake. Mimi nilishuka nikashika viti. Mwaka huu nimepewa sehemu kubwa, mimi ndiye mlinzi wa kisima. Viti vyangu ni namba kumi na moja na namba kumi na mbili. Kabla pazia halijafunguliwa nitachungulia. Nikiwaona wote wawili mmeketi, nitaimba. Nikiona kimoja kitupu, Ilham ataimba. Amejifunza sehemu yangu yote na sauti yake ni nzuri. Sijakasirika. Ni vile siwezi kushuka tena mara ya pili."

Musyimi aliisoma mara nyingi. Kilichomnyima usingizi ni namba. Kumi na moja na kumi na mbili hufuatana.

*

Musyimi na Kanyiva waliondoka Kambu saa kumi na moja alfajiri katika Probox, gari la Farouk. Farouk ana duka la vitambaa vizito, kamba na mablanketi mjini Makindu. Ndiye anayemuuzia Musyimi turubai kwa roli, na ndiye aliyemuuzia lile blanketi. Wazazi wake walitoka Pwani. Amezaliwa Makindu, anajua Kikamba cha sokoni, lakini nthoni humshinda.

"Wewe bwana, mbona umekaa kama mtu anayepelekwa kung'olewa jino?" aliuliza walipopita Emali.

"Endesha gari."

"Mimi mama mkwe wangu nikimkosa wiki mbili ananipigia simu ananitukana. Ananipikia mahamri. Wewe wako unamkimbia kama simba."

"Simkimbii. Namheshimu."

"Basi blanketi si ungelibeba leo? Ungempa hapo barabarani, tukamaliza."

"Haipeanwi barabarani kama gunia la mahindi, Farouk. Na sijui kama inapokewa."

"Muulize."

Musyimi alimtazama. Farouk akapiga usukani kwa kiganja, akacheka peke yake. "Kweli. Huwezi. Eh, Wakamba nyinyi mmejifunga fundo, ncha zote mkazificha ndani."

Kavindu alikuwa akingoja kwenye njia panda ya Tawa tangu, kwa maneno yake, jogoo wa kwanza. Alivaa gauni la kanisani la kijani, leso juu ya mabega, kiondo mkononi. Gari lilipopunguza mwendo Musyimi alikaza macho kwenye kibandiko cha bima kilicho kwenye kioo. Alisikia mlango wa nyuma ukifunguka, Kanyiva akiruka na kukumbatiwa, kiondo kikiwekwa chini, mlango ukifungwa. Harufu ya sabuni ya kipande na moshi wa kuni ikaingia naye. Ilikuwa harufu ya nguo za Mutanu kila aliporudi kutoka kwao.

"Kanyiva, mwambie baba yako nimeamka salama."

"Baba, Susu ameamka—"

"Mwambie nimefurahi."

"Amefurahi, Susu."

"Wallahi," akasema Farouk, "gari langu limekuwa Bunge. Kila neno lipite kwa Spika."

"Na wewe dereva," Kavindu akamwambia moja kwa moja, maana Farouk hakuwa mkwe wa mtu pale, "angalia hizo kona. Huku milima haina huruma na watu wa kucheka."

Barabara ilianza kupanda. Musyimi alitaka kuangalia nyuma kuona kama Kanyiva amefunga mkanda, akainua macho kwenye kioo kidogo cha ndani, na kwenye kioo akakuta jicho moja la Kavindu na ukingo wa leso. Leso ilipanda haraka. Yeye akashusha kichwa kana kwamba amepigwa kofi.

"Farouk, geuza hicho kioo."

"Nikigeuza nitaonaje nyuma?"

"Geuza kidogo."

"Lori likitugonga utalieleza nthoni?"

Lakini aligeuza.

Njia yote ya juu Musyimi alipiga hesabu. Viti vya plastiki vya kukodi vina upana wa mkono mmoja kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. Vikiwekwa kwa safu, huachwa nafasi ya vidole viwili. Yaani bega lake na bega la mama yake Mutanu yataachana kwa upana wa kitabu. Angeweza kukaa upandeupande, mguu mmoja nje. Angeweza kusema anaumwa mgongo akasimama ukutani, lakini barua ilisema "mmeketi". Angeweza kumwomba jirani wabadilishane kiti, na hapo Nthenya angechungulia na kuona mgeni kwenye kiti cha baba yake. Kila turubai alilowahi kushona lilipungua mahali, na kila mara alipata kiraka. Hapa hakuona pa kukatia.

*

Ukumbi wa shule ndio bwalo la chakula, meza zikiwa zimetolewa nje. Pazia lilikuwa turubai la bluu, jepesi, la kufunikia mbao. Musyimi aliona kutoka mlangoni kwamba pindo limeshonwa kwa uzi wa pamba na halitafika mwakani. Wazazi walikuwa wamejaa. Safu ya mbele ilikuwa imekamilika isipokuwa viti viwili katikati, vyenye karatasi nyeupe: 11, Baba Nthenya. 12, Susu Nthenya.

Kavindu alifika kwanza kwa njia ya kushoto, Kanyiva nyuma yake. Alisimama mbele ya namba kumi na mbili na hakuketi. Musyimi alifika kwa njia ya kulia. Alisimama mbele ya namba kumi na moja, mgongo kwake, akitazama dirisha. Yeye hakuweza kuketi mama akiwa amesimama. Mama hakuweza kuketi na kumlazimisha mkwe aje kuketi kando yake. Mtu asiyejua angedhani wanangojea kuombewa.

Musyimi alichuchumaa. Miguu ya viti ilikuwa imefungwa pamoja kwa kamba ya katani, safu nzima. Mwaka jana wageni walivisogeza mpaka njia ya kupita ikaziba. Lilikuwa fundo la mtu asiyejua kamba. Musyimi alilifungua kwa kucha mbili, akavuta namba kumi na moja kulia. Kikagonga goti la mzee aliyeketi namba kumi.

"Polepole, kijana! Unanisukuma niende Kitui?"

"Samahani, mzee."

Alikuwa amepata pengo la vidole vinne. Vile viwili vya kawaida, na viwili vya fundo.

Saa iliyo juu ya mlango wa jikoni ilisema saa nne na dakika ishirini na tano. Mchezo ulikuwa uanze saa nne na nusu. Mwalimu Muthama, kijana mwembamba mwenye karatasi nyingi mkononi, alikuja mbio.

"Wazazi wangu, tafadhali tuketi. Tafadhali. Mgeni wa heshima ameshafika."

"Tunaketi, mwalimu," alisema Musyimi.

"Tunaketi," alisema Kavindu.

Hakuna aliyeketi. Mwalimu aliwatazama, akatazama karatasi mbili za viti, akaonekana kukumbuka barua aliyoipiga picha. Ni Mkamba. Musyimi aliona uso wake ukielewa yote kwa mara moja na kukosa la kufanya.

"Dakika tatu," alisema kwa sauti ya chini. "Huyo mtoto ameshafika kwenye pazia."

Pazia lilitikisika. Upande wa kulia wa jukwaa, kwenye pengo la ukuta, alisimama msichana mrefu mwenye kitambaa cheupe kilichofungwa vizuri kichwani, na mkononi ameshika shuka la kahawia lililokunjwa. Alikuwa akinong'ona maneno ya wimbo. Musyimi hakuhitaji kuambiwa. Huyo alikuwa Ilham, na shuka ndilo vazi la mlinzi wa kisima.

Musyimi aliwaza mambo yasiyofaa: apige magoti, ajifanye ameanguka, amwite Farouk kutoka nje. Nyuma yake watu walianza kuguna. Sauti ya mwanamke ikasema, "Hawa wawili wa mbele ni nguzo?" na watu wakacheka.

"Kanyiva," Kavindu akasema. Hakupandisha sauti. "Njoo hapa katikati."

"Hapa hakuna kiti, Susu."

"Kuna pengo."

"Susu, hilo pengo ni dogo. Matako yangu yataingia yakwame."

"Keti nusu kwangu, nusu kwa baba yako. Leo wewe ni ukuta."

"Ukuta wa kuongea ama wa kunyamaza?"

"Wa kunyamaza."

Mtoto aliketi, paja moja kila kiti. Kavindu aliketi kushoto kwake. Musyimi aliketi kulia, akajibana hadi akaegemea mzee wa namba kumi, ambaye alipumua kwa nguvu. Alipoinua macho, pazia lilikuwa limetulia. Ilham hakuwapo tena kwenye pengo la ukuta.

Hakujua kama walionekana. Alikuwa ameketi, lakini ameketi lini, kabla ya jicho kuchungulia au baada? Alijaribu kukumbuka pazia lilitulia wakati gani. Hakuweza.

*

Mchezo ulikuwa wa kijiji chenye kisima kimoja na koo mbili zinazogombea zamu. Kulikuwa na kinanda, kayamba, na ngoma kubwa iliyogeuzwa kuwa kisima. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa wanawake wakienda mtoni na mitungi mitupu. Watu walipiga makofi, kwa sababu kila mtu ndani ya ukumbi ule alikuwa amewahi kwenda na mtungi mtupu. Wimbo wa pili ulikuwa wa kuchekesha, wa punda aliyekataa kupanda kilima. Kanyiva alicheka mpaka ukuta ukatikisika pande zote mbili. Musyimi hakusikia kitu. Mlinzi wa kisima, kwa mujibu wa karatasi waliyopewa, angeingia wimbo wa tatu.

Taa za upande zilizimwa. Mtu aliingia kwa nyuma, ameinama, shuka la kahawia limefunika kichwa hadi kiuno, mgongo kwa watu. Alitembea polepole kuelekea kwenye ngoma. Nthenya na Ilham walikuwa na kimo kimoja. Shuka halikusema lolote. Kinanda kikapiga mstari mmoja, kikarudia, kikarudia tena, kama kinamngoja mtu, na Musyimi akahesabu: mara tatu, mara nne. Aliwaza, hajui kuanza, kwa sababu si wimbo wake.

Kisha akamsikia Kavindu akivuta pumzi. Hakuweza kumtazama kujua kwa nini. Akatazama alikodhani mama anatazama, akashuka kutoka kwenye shuka hadi kwenye miguu mitupu ya yule msichana. Mguu wa kushoto ulikanyaga ukielekea nje, kama mlango ulioachwa wazi kidogo. Mutanu alikanyaga hivyo. Hata kwenye vumbi la Kambu ungeweza kufuata njia aliyopita.

Nthenya aligeuka, akaimba.

Musyimi hakuwa na ujuzi wa kusema kama aliimba vizuri. Alisema baadaye kwamba sauti ilikuwa kavu mwanzoni, ikalowa baadaye. Aliona mzee wa namba kumi ameacha kupumua kwa nguvu. Aliona pia kwamba mkono wake mwenyewe ulikuwa umeshika mguu wa Kanyiva, na kwamba mguu wa pili wa Kanyiva ulikuwa umeshikwa na mkono mwingine, wenye mishipa, wenye pete nyembamba. Aliondoa macho haraka.

Hofu ilirudi wimbo wa mwisho ulipokaribia, maana alikuwa ameiwazia sehemu ya kuketi tu. Wasichana walianza kushuka wakiimba. Nthenya alikuja moja kwa moja, jasho usoni, akiwa amekunja midomo asilie. Alimshika baba mkono wa kuume na Susu mkono wa kushoto.

"Na mimi?" akauliza Kanyiva.

"Wageni wawili tu," akasema Mwalimu Muthama, aliyekuwa akielekeza njia.

"Kaa na kiondo changu," akasema Kavindu, na ukuta ukabaki nyuma.

Jukwaani, kila msichana na watu wake wawili walitakiwa kufanya duara dogo la watatu, wazunguke polepole, ngoma ikiwa katikati. Wengine walifunga maduara yao papo hapo. La Nthenya lilikuwa wazi upande mmoja. Baba huku, Susu kule, na kati ya mikono yao pengo la hatua moja. Nthenya aliliona. Aliendelea kuimba, lakini macho yake yalikwenda kwa mmoja, yakaenda kwa mwingine, na Musyimi aliona kwenye macho hayo ule mwaka wa viti.

Aliinua mkono wake wa kushoto kidogo. Akaushusha. Ukumbi mzima ulikuwa ukitazama, nusu yao Wakamba wa rika la Kavindu, wanaojua.

Kavindu alivuta leso kutoka mabegani. Aliikunja mara moja kwa urefu, akashika pembe moja, akaitupa pembe ya pili hewani kuelekea upande wa mkwe wake, uso akiwa ameuelekeza kwenye ngoma. Musyimi aliidaka. Aliikunja pembe ndani ya kiganja, mara mbili, jinsi anavyokunja pembe ya turubai ili kitambaa kisichanike kinapovutwa. Leso ikakaza. Duara likazunguka.

Walikuwa wamefika mzunguko wa pili Kavindu aliposema, akiitazama ngoma:

"Musyimi."

Hakuwahi kusikia jina lake kinywani mwa mama huyo. Alipoteza hatua, Nthenya akamvuta.

"Ee, mama."

"Ile blanketi iko?"

"Iko."

"Panya hawajaila?"

"Iko kwa sanduku la bati, mama. Haijafunguliwa."

Nthenya aliendelea kuimba kwa sauti iliyoanza kuyumba.

"Nilidhani uliiuza," akasema Kavindu. "Nilidhani Mutanu alipoenda uliona haina kazi. Nami ningekuuliza vipi?"

"Sikujua kama inapokewa."

"Mtu hufa. Blanketi haifi. Ilete shule zikifungwa, huyu mtoto akiwa nyumbani. Na uje na wazee wasiolewa pombe."

Wimbo ulikwisha. Musyimi aliachia pembe ya leso, na Kavindu akaivuta, akaitandaza tena mabegani. Akasogea hatua mbili, pale anapopaswa kusimama.

Nthenya aliwakumbatia mmoja baada ya mwingine. Alimwambia baba yake kitu kimoja tu ambacho Kanyiva, aliyefika na kiondo, alikisikia na kukirudia njia nzima: "Nilichungulia nikamwona Kanyiva peke yake akibishana na kiti, nyinyi mmesimama. Nikamwambia Ilham, ngoja kidogo. Wanaketi hao."

Kurudi, Musyimi aliketi mbele, kioo cha Farouk kikiwa kimegeuzwa. Sheria ilikuwa bado sheria. Farouk aliuliza mara tatu mambo yalikwendaje, akajibiwa "vizuri" mara tatu. Kwenye njia panda mlango wa nyuma ulifunguka.

"Kanyiva, mwambie baba yako safari njema."

"Baba, Susu anasema safari njema."

"Mwambie asante."

Shule zitafungwa tarehe mosi Agosti. Jumamosi tarehe 9, mchana, Musyimi atapeleka blanketi nyumbani kwa Kavindu mbele ya wazee wawili. Farouk ndiye atakayeendesha gari.